Lita Sitini, Dume Ndani

Lundi, tarehe 12 mwezi wa tano
Nimeosha bidoni tano za maziwa. Bwana yangu, Papa Solange, amekamua, maziwa imepanda pikipiki ya kwenda soko ya Sake. Mvua kidogo. Solange amerudi ku masomo na macho mekundu. Ekzama ya hesabu: 49 juu ya 100. Mutoto wangu! Yeye aliyejua kusoma mbele ya wenzake wote wa huu mulima. Bila 50 hawamuandike ku listi ya ekzama ya mwisho ya primere, masomo ya musingi. Pointi moja tu. Sijakula.

Mardi, tarehe 13
Nimesoma karatasi mwenyewe. Nilifika mwaka wa tano, siyo mujinga. Swali la kumi iko hivi: "Mufugaji ana ng'ombe 12. Kati yao 2 ni madume. Kila ng'ombe inatoa lita 5 za maziwa kwa siku. Atapata lita ngapi kwa siku?"
Solange ameandika 50. Mwalimu amepiga musalaba mwekundu, pembeni ameandika 60.
Sitini! Kwa hiyo madume mawili yanatoa lita kumi. Nimerudilia mara tatu. Bugali imeungua.

Mercredi, tarehe 14
Kijiji nzima imeingia mu hii hesabu. Jirani yangu Mama Riziki, mulimaji wa viazi, anasema karatasi imeandika "kila", basi ni kila. Katekista wa kanisa letu naye anasema sitini, eti hesabu haiangalie matiti. Muntu muzima. Papa Solange alicheka, kisha akaanza: hata hamsini siyo, zingine ziko na mimba, zingine zimekauka, labda ni 35. Nimemwambia anyamaze, asisaidie mwalimu.

Jeudi, tarehe 15
Nimepeleka dume letu ku masomo. Kwa kamba, na ndoo mu mukono. Kwetu mwanamuke hakamue, lakini kuongoza dume najua vizuri kupita wanaume wengi.
Mwalimu ni kijana wa Walikale, kwao ni pori na mihogo. Nimeweka ndoo mbele yake.
"Mwalimu, kamua. Nangojea lita tano."
Watoto walianguka kwa kucheka. Yeye akasema, "Mama, mimi nafundisha kuzidisha, sifundishe ufugaji."
"Basi ungeandika mihogo, papa. Mihogo unaijua."
Direkta, mukubwa wa masomo, ametoka mu biro yake. Dume lilikuwa linakula maua yake. Amesema listi inafungwa kesho. Asubui Solange atafanya swali ingine, peke yake, mu biro. Akipata, anaandikwa. Akikosa, mwaka mwingine.
Nimekasirika zaidi. Mutoto amejibu vizuri na bado wanamupima tena! Lakini nimekubali. Ningefanya nini?
Solange hakurudi na mimi. Amepita njia ya juu. Haya ilimushika. Sikufikiria haya yake hata kidogo. Hiyo imeniuma.

Vendredi, tarehe 16
Nimekaa inje ya biro. Swali ilikuwa ya madawati na watoto. Solange amemaliza mbele direkta hajaketi vizuri. Ameandikwa! Damu yangu ile.
Kisha mwalimu akanivuta pembeni. Swali la ng'ombe alilitoa mu kaye, daftari yake ya zamani, akaongeza madume yeye mwenyewe ili liwe gumu. Jibu akasahau kubadilisha. "Nilikosa, Mama," amesema. Polepole sana. Ilikuwa aseme hivyo jana, si leo. Lakini amesema.
Nilitaka kukimbia mpaka kwa katekista. Solange akanishika kitenge.
"Mama, usiambie muntu. Mimi njo nabaki naye mu klase mpaka mwisho wa mwaka."
Nimeahidi. Kinywa hiki, nimeahidi.

Dimanche, tarehe 18
Kanisani. Jua nzuri. Kwa mulango katekista amenipongeza mbele ya wamama wote. Akasema sasa imeonekana ilikuwa sitini, njo maana mutoto alirudishiwa ekzama. Mama Riziki akaitika.
Solange aliniangalia.
Nimesema aksanti, jina iko ku listi. Nimeuliza katekista kama mvua imefika kwa shamba lake. Akajibu imefika. Tukaongea mvua.