Mifuko ya Mama na Maua ya Msuvi

Kitalu cha Miche,
Nyumba ya Tatu kutoka Lango la Msitu.

Tarehe 9 Juni

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo wewe, na wifi hajambo? Watoto wanaendeleaje? Na goti lako vipi? Uliposema limevimba kwa kupanda ngazi nilicheka peke yangu jikoni, Mungu anisamehe. Fundi wa lifti kuumwa goti kwa ngazi ni sawa na mpishi kulala njaa. Likande kwa maji ya moto, usijitie ujana.

Sisi huku ni wazima. Mama mzima, mimi mzima, na shemeji yako mzima kabisa, maana anakoroma mpaka paka amehamia stoo.

Utajiuliza kwa nini naandika barua na simu ipo. Simu ya nyumba hii unaijua. Nikiongea nawe, Mama huja kukaa karibu akijifanya anachambua vifungo, kumbe anachambua maneno yetu. Na hili ninalotaka kukueleza amenikataza nisikwambie. Kwa hiyo soma, halafu ukipiga simu ujifanye hujui lolote. Kudanganya hujui, lakini jaribu.

Kwanza, lile bati la sebuleni lililokuwa likivuja tumelibadilisha. Ndoo ya plastiki imestaafu.

Mimi bado nipo kitaluni, kazi ileile ya kuotesha miti ya misuvi. Unakumbuka ulipoondoka ilikuwa imebaki ya kuhesabu. Sasa watoto wa huku wanaijua misuvi kama samani tu. Kitanda chako, meza ya cherehani ya Mama, kizingiti cha mlango, vyote alivichonga marehemu Baba kwa msuvi, lakini ukimuuliza mtoto jani lake likoje hajui. Lile donda, ugonjwa ulioimaliza, huingia kwenye gome, likazunguka shina kama mkanda, na mti ukakauka kuanzia hapo kwenda juu. Mizizi haifi. Visiki huchipua kila mwaka, machipukizi yakafika kimo cha mtu, kisha donda likayakuta na kuyaua kabla hayajatoa ua.

Mwaka juzi, chipukizi la kisiki cha juu ya kijito, pale ulipovunjia jino, lilinusurika mpaka likawa mti mwembamba, na likaweka vichwa vya maua. Msimamizi wetu ni mtaalamu wa miti, mama mmoja tunayemwita Miwani kwa sababu huitafuta akiwa ameivaa. Alipoyaona yale maua alikaa chini kwenye majani. Halafu akanionyesha chini ya shina. Donda lilikuwa limeshaanza. Mti ule ulikuwa na msimu mmoja tu, tukipata mbegu tumepata, tukikosa basi tena.

Nikueleze kidogo kazi yenyewe, maana najua huwaambii wenzako ukweli, unawaambia dada yako anamwagilia maua. Kuna msuvi mzee kwenye msitu mwingine, mbali, umeugua miaka mingi na umekataa kufa. Tulitaka chavua ya mzee yule ikutane na maua ya mti wetu, ili watoto warithi ukaidi. Tatizo ni nyuki. Kando ya barabara wamepanda miti ya kigeni, binamu yake msuvi, na nyuki hawachagui ukoo. Kwa hiyo unayafunika maua kabla hayajafunguka, unayapaka chavua kwa brashi ndogo, unayafunika tena.

Miwani alileta mfuko mmoja wa mfano, akamwomba Mama ashone mingine kama ule, kisha akasafiri kwenda kuchukua chavua. Mama aliuinua ule mfuko kwa vidole viwili. "Hiki ni cha kufunikia maua au cha kuchujia chai?" aliuliza. Mama unamjua, hajawahi kutoa kitu kibaya kwenye cherehani yake, hata kitambaa cha kushikia sufuria hukitia marinda. Akachukua mabaki ya vitambaa vya sare za shule, vile vizito, akaviwekea bitana, akapiga mshono mara mbili kila upande, akamalizia na kamba ya kukazia. Kaka, ilikuwa mifuko ya kwendea harusini. Mimi niliivisha kwenye matawi mwenyewe nikiona fahari.

Tawi la mwisho, la upande wa nyuma, lilikosa mfuko kwa sababu kitambaa kiliisha, na vichwa vyake vilikuwa vya kufunguka kesho yake asubuhi. Nilirudi nyumbani kumwambia Mama. Alisimama kidogo, akaingia chumbani kwako.

Sasa hapa ndipo penye siri. Chumba chako kipo kama ulivyokiacha. Kitanda kimetandikwa, na chandarua alikuwa akikifua kila mwisho wa mwezi na kukitundika tena, ingawa hakuna anayelala humo. Shangazi akija hulazwa sebuleni kwenye godoro na mgongo wake ule. Basi Mama alitoka na chandarua chako mkononi, akakitandaza mezani, akashika mkasi. Nilimwambia, "Mama, hicho ni cha Kaka." Akasema, "Ndiyo, ni cha Kaka yako. Yeye akija atalala hata bila chandarua. Maua hayana kesho." Akakata. Alishona harakaharaka, mshono mmoja, bila pindo, huku akisonya. Aliponikabidhi akaniambia nisithubutu kukwambia, utadhani tumeacha kukungoja. Na ule mfuko niufunge hukohuko nyuma, watu wasiuone.

Jua lilipiga sana msimu ule. Miwani alirudi, tukafungua mfuko wa kwanza ili tupake chavua. Maua yalikuwa yameiva kama mboga. Wa pili hivyohivyo. Miwani aliingiza mkono ndani ya mfuko mmoja, akautoa, akautazama ule mshono mzuri, na wala hakumlaumu mtu. Joto lilikuwa limewaka humo kama tanuri, na bitana imezuia hata upepo.

Mama alilia, Kaka. Tangu tumzike Baba sijamwona akilia hivyo. Alisema mti umengoja maisha yake yote kutoa ua, naye ameuvalisha koti. Shangazi, badala ya kumfariji, akasema, "Wahenga hawakukosea, mficha uchi hazai." Hawakusemezana wiki nzima. Siku hizi Mama ndiye anayeisimulia hiyo methali kwa kila mgeni, na akifika mwisho anacheka kuliko mgeni mwenyewe.

Nilikwenda upande wa nyuma bila matumaini, niseme kweli. Ndani ya chandarua maua yalikuwa meupe, mabichi, yanatikisika kwa upepo, na nyuki wawili wako nje wanazunguka wamekasirika. Tulipaka chavua, tukaufunga tena. Tawi lile moja lilitupa kokwa tisa. Mti wenyewe haukuiona mvua iliyofuata.

Zote tisa ziliota. Lakini kuota si kupona, na huu ndio upande wa kazi nisioupenda. Mche ukipata nguvu, unauchanja gome na kuutia lile donda kwa mkono wako, kisha unangoja. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mche dhaifu ukiupeleka msituni bila kuujaribu, umepanda kilio. Miwani ametukataza tusiipe miche majina. Mimi niliipa kimyakimya, na ninajuta, kwa sababu sita niliing'oa mwenyewe na kila mmoja nilikuwa namjua kwa jina lake.

Mitatu imepona. Jeraha lilivimba, likazunguka nusu ya kishina, likasimama. Sasa gome limeota mdomo mnene na kulifunga. Miwani anatuonya tusipige vigelegele, miti mitatu si msitu, itabidi izalishwe na mingine tena na tena, na sisi tutakuwa tumezeeka. Ni kweli. Lakini hata yeye siku hizi anaanza siku kwa kwenda kuitazama kabla ya kunywa chai.

Jumamosi tuliipanda, pembeni ya kisiki cha mama yao. Mama alipanda kilima kwa miguu yake, na begani amebeba kitambaa kizito cha kuikinga na jua. Miwani akamwambia kwa heshima zote, "Mama, hicho kiache hapohapo begani." Tulicheka mpaka mwenyewe akacheka.

Wakati wa kuteremka alimuuliza Miwani itatoa maua lini. Miwani akajibu kwamba wanaoanza darasa la kwanza leo watakuwa wananyoa ndevu. Mama aliongeza mwendo mpaka langoni. Nilidhani amevunjika moyo. Kumbe anawaza yake, kwani tulipofika nyumbani alifungua dirisha la chumba chako, akakung'uta shuka, akamwambia Shangazi alale kitandani. Nilimuuliza, na chumba cha Kaka je? Akasema, "Chandarua kinachakaa kikingoja. Mti unakua ukingoja. Nimechoka na cha kwanza."

Nami nimeandika yote haya kwa sababu ya neno hilo. Hajaacha kukungoja, Kaka. Ila sasa anakungojea kule juu, na kila Jumapili anataka kupanda kilima. Miguu yake si ya zamani. Mwaka huu mletee watoto, waishike ile miti ingali chini ya mabega yao.

Shangazi anakusalimu, anasema kitanda chako kinafaa mgongo wake na hahami. Shemeji yako anakusalimu. Miwani, usiyemjua, ananiambia nikushukuru kwa chandarua. Msalimie wifi sana, na uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao.

Mungu awafunike nyote, na awafunike kwa kitambaa chepesi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye bila bitana,

Kiherehere

Ukija, njoo na chandarua chako. Mbu nao hawajaacha kukungoja.