Kikohozi Nilichokiacha Bafuni

Mshauri mpendwa,

Nisaidie kabla sijafanya jambo ambalo nimeshalipanga, maana kuna sigara moja nimeificha ndani ya koti langu la kazini, sijaamua kama nitaivuta au nitaitupa, na nikikueleza kwa nini nataka kuivuta huenda ukadhani nimechanganyikiwa, lakini nakuomba usome mpaka mwisho kisha uniambie.

Mimi ni fundi wa kushona makochi. Nimevuta sigara tangu ujana wangu, na nimeziacha mara nyingi kiasi kwamba nikisema nimeacha wenzangu wananiuliza mpaka lini. Karakana yetu imejaa sponji na gundi, huwezi kuwasha kiberiti mle ndani, kwa hiyo nilikuwa natoka nyuma, kwenye ukuta wa choo, na kila nilipoacha ni pale pale niliporudia, peke yangu, halafu nasugua pipi ya mnanaa kwenye meno na kurudi ndani kama mtu aliyekwenda haja.

Safari hii niliamua kufanya tofauti, nikawakalisha watu wangu nikawaambia ukweli kwamba peke yangu siwezi. Mke wangu akafua mapazia na mablanketi yote mpaka nyumba ikanukia sabuni. Dada yangu mkubwa, ambaye ni mjane na watoto wake wana miji yao, akahamia kwetu kwa muda, analala sebuleni, kazi yake ni kunishika asubuhi baada ya chai, kwa sababu hapo ndipo hamu inaponikaba. Kazini kuna mwenzangu tunamwita Kipara, ingawa ana nywele kutushinda wote, yeye alijipa jukumu la kunifuata kila ninapotoka nyuma, nikiingia chooni ananisubiri mlangoni anapiga mluzi. Na nesi wa zahanati alinipa neno moja tu, akasema hamu ikija usishindane nayo kimya kimya, mwambie aliye karibu. Nikafanya hivyo, mshauri, hata kama aliye karibu ni mteja, namwambia mama samahani, nashikwa na sigara, nisimulie chochote, naye ananisimulia habari za shemeji zake mpaka inapita. Basi kifua kikafunguka, nikaanza kusikia ladha ya chakula, na kile kikohozi changu cha asubuhi, ambacho majirani walikuwa wanaamkia, kikaniisha.

Kiliniisha mimi. Nyumbani hakikuisha.

Asubuhi moja nilikuwa nimelala macho wazi, mke wangu yuko pembeni yangu, nikasikia mtu anakohoa bafuni. Mimi kikohozi changu nakijua, kinaanzia chini, kinakwama, kinatoka na kamluzi kadogo, kisha nasafisha koo na kusema "haya", kama mtu anayejiandaa kubeba mzigo. Ndicho nilichokisikia, pamoja na hilo "haya". Mke wangu akanishika mkono chini ya blanketi.

"Ni dada," nikamwambia.

Wakati huo huo mlango wa chumba ukafunguliwa, dada akaingia bila hata hodi, amekunja uso.

"Mdogo wangu, umeanza tena? Nimekusikia bafuni, usinidanganye..."

Hapo ndipo akaniona kitandani. Akamwangalia mke wangu, akatuangalia sote wawili, akakaa pale pale kwenye kikapu cha nguo.

Tulikwenda bafuni watu watatu. Sakafu kavu, taulo kavu, dirisha limefungwa. Nikafikiri ni jirani, maana ukuta ni mmoja, nikamwendea mwenye nyumba akanifungulia upande wa pili, hakuna mpangaji, kuna makopo ya rangi na ngazi tu. Mke wangu alipoona vile akaanza kulia, akanikumbusha mara ile nyingine nilipoacha, alivyonilaumu kwamba amenisikia nikikohoa bafuni, nikamwapia kwamba nilikuwa dukani nanunua mkate, akasema mimi mwongo, tukagombana, na kwa hasira zile zile nikaenda nyuma ya karakana nikavuta. Sasa aliniomba radhi. "Ulikuwa dukani kweli," akasema. "Basi nilikuwa namsikiliza nani?"

Ningeweza kuishi na hilo, mshauri, nyumba nyingi zina sauti zake. Lakini binti yetu, ambaye ndiyo kwanza ameanza shule, tulimkuta amesimama na sare yake nje ya mlango wa bafu, anasema shikamoo baba. Nilikuwa nyuma yake na kikombe cha chai mkononi. Nikamuuliza anamsalimia nani, akageuka, akaniangalia bila kushtuka, akasema, "Baba wa bafuni. Leo hakohoi, anapumua tu." Nikamuuliza kama huyo huwa anaitikia. Akasema haitikii, ila akisalimiwa ananyamaza mpaka yeye mtoto aondoke, na mtoto akiondoka anamsikia akisema haya.

Tangu siku hiyo mtoto anaogeshwa jikoni kwenye beseni.

Na sasa hakikai bafuni tena. Kwanza kilisikika kwenye korido, karibu na tangi la maji. Halafu jikoni, mchana, dada anachambua mchele, akakisikia nyuma ya mgongo wake, akamwaga sinia lote. Juzi kilikuwa nje ya mlango wa chumba chetu, chini chini, kama mgonjwa asiyetaka kuwaamsha wenye nyumba. Mke wangu anasema tuhame. Dada anaomba dua mpaka sauti imemkauka, lakini haondoki, anasema alikuja kunishika na atanishika. Kipara nilipomsimulia hakucheka, na yeye hucheka kila kitu. Aliniuliza tu, "Kwa hiyo, mwenzetu, kinataka kurudi kwako?"

Neno hilo likaniingia. Jumamosi walikwenda sokoni wote, nikabaki na kazi ya kutengeneza kitasa. Nilipokuwa natoka karakana siku iliyotangulia nilikuwa nimenunua sigara moja kwa muuza duka, nikaiweka kwenye koti, hata sasa sijui ni mkono gani ulionunua. Kikohozi kikaanza kwenye korido. Nikaitoa ile sigara, nikaiweka mdomoni, sikuiwasha. Kikanyamaza hapo hapo, mshauri. Nyumba nzima ikatulia, na nikahisi kama mtu amesimama mbele yangu ameinamisha uso karibu na wangu, anasubiri. Nilipoitoa mdomoni, kikaanza tena, kwa nguvu, mpaka vikombe vya kabatini vikagongana.

Ndiyo maana nakuandikia. Nadhani kile ni changu, nimekifukuza kifuani na hakina pa kwenda. Nikiivuta hii moja kitarudi kwangu na nyumba yangu itapata amani, mtoto ataoga bafuni kama watoto wengine. Lakini watu hawa wamejinyima kwa ajili yangu, nitawaangaliaje? Na nisipoivuta nitawaachaje wakae na kitu kile? Hakuna anayejua kwamba ninayo. Niambie nifanye nini.

Mimi Fundi wa Makochi

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole. Nasema pole ya kweli, kwa sababu kuacha sigara peke yake ni kazi ya kumtoa mtu jasho, na wewe umeongezewa nyingine juu yake.

Sasa tukae sawa. Umeniandikia habari ya kikohozi kinachotembea, lakini kilichonikera mimi ni koti. Una mke aliyefua mpaka mapazia kwa ajili yako. Una dada aliyeacha kitanda chake akaja kulala kwenye kochi, tena bila shaka kochi la fundi, ambalo huwa la mwisho kutengenezwa. Una rafiki anayesimama mlango wa choo anapiga mluzi. Watu hawa wote umewazunguka, ukaenda dukani, ukanunua, ukaficha, na sasa unajiita baba anayejitoa mhanga kwa ajili ya mtoto. Fundi, kila anayerudia sigara ana sababu nzuri. Yako ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuletewa, na kwa hiyo ndiyo ya hatari kuliko zote.

Unasema ulipoiweka mdomoni kikanyamaza. Umelichukua hilo kama dalili ya amani. Fikiri vizuri. Kilinyamaza kwa sababu kiliona chakula kinaletwa.

Usidhani nimekaa ofisini nikakuamulia tu. Namba uliyoiandika nyuma ya bahasha niliipiga, akapokea mkeo. Nikajitambulisha, nikasema nakutafuta. Akasema uko kazini. Kabla hajamaliza, mtu akakohoa karibu yake, kikohozi cha chini, kimekwama, kikatoka na mluzi, kisha sauti ya kiume ikasema neno lile. Nikamwambia, kumbe amesharudi, basi nipe nizungumze naye.

Mkeo akasema, polepole, "Kwa hiyo na wewe umemsikia."

Nilimwambia kweli nimemsikia, na nikasikia akilia, lakini kilio cha mtu aliyeshushiwa mzigo. Ya sigara sikumwambia. Hiyo ilikuwa yako.

Jioni uliponipigia baada ya mkeo kukupa ujumbe, unakumbuka nilivyokuwa mkali. Nilikuambia weka simu sauti ya juu, waite mkeo na dada yako, sema ulichonacho. Ukajiumauma, ukasema. Nami nitayaandika haya kwa ajili ya wasomaji wengine wenye makoti yao. Hakuna aliyekutukana. Mkeo aliuliza swali moja tu, "Iko wapi?" Dada yako akasema, "Nipe." Nilisikia kandambili zake zikienda, nikasikia mlango wa bafu ukifunguliwa, kisha maji ya choo yakiondoka nayo.

Hapo ndipo kikaja. Nilikuwa mbali nanyi, nimekaa chini ya taa, wenzangu wakiwa chumba cha pili, na bado nilisogeza simu mbali na sikio. Kilikuwa kirefu, hakipumziki, kama mtu anayezuiwa kuvuta pumzi. Nikawaambia mshikane mikono na pasiwe na wa kutoka. Hamkutoka. Nikasikia dada yako akisema, "Tuko hapa, mdogo wangu, tuko hapa," na sikuelewa anasema nawe au na kile kinachokohoa. Halafu kikakatika katikati, kabla hakijafika kwenye neno lake, na baada ya hapo nilisikia pumzi zenu tu.

Unaniuliza kilikuwa nini. Sijui. Nikikwambia najua nitakuwa nakutapeli. Na sikuahidi kwamba hakitarudi, hata kama mkeo ameniambia tangu siku hiyo nyumba imekuwa kimya. Nawe usipige hesabu za kimya. Fanya haya ninayokuambia.

Nenda hospitali upimwe kifua, kipimo kamili, si kuwekewa mkono kifuani na kuambiwa unaendelea vizuri. Kifua kilichokohoa miaka yote hiyo kina haki ya kuangaliwa, na mkeo aende nawe, kwa sababu wewe ukienda peke yako utarudi na nusu ya habari. Mwambie nesi wa zahanati kwamba ulinunua. Atakuwa na la kukuongezea kwa ajili ya hamu, kuna dawa za kusaidia, wala si aibu kuzitumia. Mwambie na Kipara, na muuza duka naye umwambie asikuuzie hata ukimlilia. Koti hilo lipeleke kwa dobi, kisha mpe dada alikague kila jioni, mbele ya watu, mkicheka. Asipokuwepo dada, mtoto ndiye alikague. Mtoto arudi kuoga bafuni, mlango wazi, mama yake akiwa amekaa kizingitini.

Kikirudi, msikisalimie, msikiombe radhi, na wewe usikae nacho peke yako hata kwa muda wa kurekebisha kitasa. Ita mtu. Kama hakuna mtu, toka nje ukasimame penye watu. Usikipe hata moja, hata ambayo haijawashwa, na usijidanganye kwamba ukikibeba wewe wengine watapumzika. Siku utakayolala kitandani huwezi kupandisha pumzi, atakayekaa macho pembeni yako ni huyo huyo mkeo, na mtoto huyo huyo atasimama mlangoni akikusikiliza.

Nyumba ikiwashinda mtahama, fundi. Kifua huwezi kukihama.