Chamba Aliyeanza Kutabasamu

Nyumba ya Zurpa,
Lungmar, Ladakh.
11 Mei 1998.

Mpendwa mdogo wangu Kunzes,

Nakusalimu kutoka huku kwenye mawe na upepo. U hali gani? Goti lako la kushoto linakubali kupanda ngazi za Kalimpong, au bado linakutukana? Na shemeji Wangtak bado anakoroma kama pembe za hekaluni? Sisi ni wazima, ukiacha meno yangu mawili yaliyoniaga wakati wa baridi. La pili lilibaki kwenye kipande cha jibini kavu ambacho wifi yako Yangzin anaapa kilikuwa laini. Simwamini.

Ng'ombe amezaa ndama jike. Miaprikoti imechanua mapema, jambo ambalo pia silipendi. Mti ukichangamka kabla ya wakati una lake.

Sasa kaa chini. Na barua hii usimsomee shemeji kwa sauti, mpaka uimalize mwenyewe kwanza.

Theluji ya mwaka huu ilitoboa paa la hekalu, maji yakawa yanashuka mpaka kwenye bega la Chamba, sanamu ya Buda ajaye. Wazee wakaamua Buda wetu ahamishwe mpaka paa litengenezwe, naye Mtawa Palkit, anayeshika ufunguo wa hekalu, akampokea chumbani kwake. Miezi mitatu, Kunzes. Mlango umefungwa. Nilitazama tu. Nikaona Palkit ana viatu vipya, vya ngozi, vya kijeshi. Nikakumbuka yule mgeni mwenye kamera aliyelala hapa siku mbili wakati wa mavuno, akauliza Chamba ana urefu gani. Mtu anayeuliza urefu wa sanamu ni kama mtu anayeuliza umri wa mbuzi wako: hakuja kusalimia.

Basi paa likapona, Chamba akarudishwa. Nikainua macho, nikamkuta anatabasamu.

Wewe unaukumbuka uso wake. Mweusi, umenuna. Miaka thelathini na miwili amekuwa akinitazama vile baba alivyonitazama nikirudi kutoka kwenye pombe ya shayiri. Leo anang'aa kama sufuria ya arusi, na mdomo umepinda juu! Tulipomnyanyua kumkalisha, ndani ya tumbo kitu kikagonga: ko, ko. Sanamu iliyojazwa vizuri haigongi. Ulikuwepo mwaka ule ambao kalenda yetu inauita wa Farasi wa Moto, alipojazwa: mti wa mreteni katikati, karatasi za dua zimeviringwa, shayiri, ubani, na kifurushi cha kila nyumba kimeandikwa jina lake, vikashindiliwa mpaka sindano isipite. Sisi Zurpa tulitoa feruzi moja kutoka kilemba cha mama kilichoshonewa mawe, ile ya tatu kutoka kwenye paji la uso. Pengo lake umelirithi wewe pamoja na kilemba.

Nikasema huyu si Chamba wetu. Kwanza nilimwambia Yangzin, akanijibu ninawe macho. Halafu nikawaambia wanaume kwenye kinu cha maji. Nakiri niliitia habari chumvi, na pilipili kidogo. Jua halijazama, kijiji kizima kilijua kwamba mtawa amemuuza Buda na kutuletea wa bandia, na Rabgyas, mkuu wa kijiji, akamnyang'anya ufunguo.

Siku ya pili Palkit akanijia juu ya paa nikisokota sufu. Hakukaa. Chai alikataa.

"Babu Smanla," akasema, "umeniita mwizi mbele ya kinu. Sasa utaniita mbele ya Chamba mwenyewe, akiwa wazi. Nimemwomba lama aje amfungue."

Nikamwambia miungu haifunguliwi ovyo kama magunia. Akasema wala majina ya watu hayafunguliwi ovyo, akashuka ngazi. Hapo, Kunzes, uzi ukanikatikia mara tatu.

Lama Yontan, mwalimu wetu wa dini, alifika baada ya siku nne. Alimwimbia Chamba asubuhi nzima akimsihi ahame kwa muda, akae ndani ya kioo, kisha kioo kile akakifunga kwa hariri na kukiweka juu, mbali na mikono yetu. Ndipo tukamlaza Chamba chali na lama akabandua kifuniko cha shaba chini ya kitako. Harufu ya mreteni ikatoka kana kwamba umekatwa jana. Shayiri ilikuwa imekauka na kunywea, mzigo wote umeshuka kiasi cha shubiri moja.

Akatoa vifurushi kimoja kimoja, akisoma majina. Marijani ya kina Rabgyas, ipo. Pete ya bibi wa kinuni, ipo. Kila nyumba ikashusha pumzi, maana sanamu ilikuwa ni yenyewe. Hata mimi nilianza kutafuta maneno ya kuomba radhi, mafupi. Kisha akasema, "Zurpa." Kitambaa kilikuwa kimechanika. Kilichotoka ni kigae cha chupa, cha kijani, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Ndicho kilichokuwa kikigonga.

Rabgyas akakichukua, akakiinua kwenye mwanga. "Feruzi ya marehemu mama Zurpa imegeuka chupa," akasema. Watu wote wakamgeukia Palkit. Kumbe Buda hakuuzwa, wakasema, lakini kuna mkono ulioingia. Jirani yangu akanipapasa bega: pole, mzee, tulikuona mzushi. Rabgyas akatamka kwamba mtawa avue vazi na aondoke bondeni kabla ya msimu wa kupanda. Palkit alitazama viganja vyake tu, kama mtu anayejiuliza vimemfanyia nini.

Nitakwambia kweli, kwa kuwa uko mbali na huwezi kunirushia kiatu. Nilinyamaza. Nilinyamaza muda wa kunywa kikombe cha chai. Nikawa nawaza jinsi mambo yalivyojipanga vizuri bila mimi kuyagusa. Halafu nikamtazama Chamba amelala chali, tumbo wazi, na lama amesema hayumo ndani. Lakini bado alikuwa anatabasamu, na alikuwa anatabasamu kwangu.

Nikasema, "Kigae ni changu."

Wakadhani uzee umenipanda kichwani. Ikabidi niseme tena, kwa sauti: "Nilikitia mimi mwenyewe, mwaka wa Farasi wa Moto. Feruzi nilimpa mfanyabiashara wa mjini Leh, akanipa redio."

Ndiyo, Kunzes. Redio ile. Ile uliyokuwa ukicheza muziki wake juu ya paa mpaka baba anagonga dari kwa fimbo. Niliwaambia nyote nimeishinda kwenye mashindano ya mishale.

Yangzin akapaza sauti kutoka upande wa wanawake. "Nilijua," akasema. "Mtu huyu hajawahi kulenga hata ukuta."

Lama Yontan alicheka mpaka akashika nguzo. Rabgyas hakucheka. Palkit akaulizwa kuhusu uso, akasema alikuwa akiusugua kwa donge la unga wa shayiri, sehemu ya upana wa kidole kimoja kila siku, majira yote ya baridi. Tabasamu lilikuwepo siku zote, chini ya masizi ya taa zetu za siagi. Viatu alitumiwa na kaka yake aliye jeshini. Ila yule mgeni wa kamera bado namshuku, na hakuna atakayenibadilisha.

Utauliza, mwenye kigae tumboni mwa Buda anawapigia wenzake kelele kwa nini? Nami nimejiuliza. Nadhani mtu akiiba mara moja, anaona mikono ya watu wote inakwenda mifukoni.

Palkit amerudishiwa ufunguo. Mimi nimepewa kazi mpaka mavuno: kuteka maji ya hekalu na kusugua taa, chini ya amri yake. Kila nikitoka ananisimamisha mlangoni. "Babu, geuza mifuko." Siku ya kwanza nilikasirika. Sasa naigeuza kabla hajasema, naye huinamisha kichwa ili nisimwone akicheka.

Limebaki pengo lako. Najua umewaambia wanao, na watu wote wa Kalimpong, kwamba pengo la kilemba chako limo tumboni mwa Chamba. Mama alikufa akiamini hivyo; alikuwa akilipapasa kwa kidole akitabasamu, nami nikitoka nje kwenda kutazama mbuzi. Nisamehe, mdogo wangu. Ukishindwa, nitaelewa, ila usininyime barua.

Lama hajafunga kifuniko. Anasubiri mpaka mwezi mpevu wa mwezi wetu wa nne, ndipo amtoe Chamba kwenye kioo na kumrudisha nyumbani. Kifurushi cha Zurpa ni kitupu. Ukiona vema, ng'oa jiwe moja, lolote, hata dogo. Najua kilemba kitakuwa na mapengo mawili, ila moja litakuwa la kweli. Tafadhali usilitume kwangu. Mpe mtu unayemwamini, alitie mkononi mwa Mtawa Palkit mwenyewe.

Nisalimie shemeji Wangtak na wanao wote, hasa Chorol mwenye midomo kama yangu. Yangzin anakusalimu, na Palkit pia. Njia zako ziwe kavu, chai yako isipoe, na Chamba ajaye akukute ungali unacheza.

Kaka yako akupendaye, mwenye mifuko iliyogeuzwa,

Smanla