Choo cha Mama Anjela

Jumatatu, 4 Agosti
Chai, kisha nyundo na tindo. Siku ya tatu navunja. Lile sinki la kuchuchumaa limetoka leo saa sita, zima, halina ufa. Nililiweka mwenyewe tulipohamia nyumba hii. Kazi yangu haitoki kirahisi. Hata mimi imenisumbua.

Chumba ni kidogo, futi nne kwenda ndani, futi tano upana. Mlango unatokea sebuleni. Kinatosha. Mtu haendi chooni kucheza ngoma.

Nitaweka sinki la kukaa. Mama Anjela hawezi kuchuchumaa tena. Aliteleza kwenye jaruba la mpunga, goti likavunjika, wakalifunga vyuma. Mguu wa kulia umebaki umenyooka kama mchi. Toka atoke hospitali yuko kijiji cha Mbingu kwa binti yetu Anjela, kwa sababu kule kuna choo cha kukaa. Mumewe Anjela, huyu Deo, ni fundi tailizi. Basi kwake kunang'aa.

Nyumba bila mke ni kubwa mno. Nimeandika, imetosha.

Jumatano, 6 Agosti
Anjela kapiga simu. Habari mbaya.

Mama yake hanywi maji. Anaogopa kwenda chooni Deo akiwa nyumbani. Kwetu mama mkwe na mkwe hawapishani mlango wa choo, ni aibu, wote wawili wanakosa pa kuweka uso. Sasa kule choo ni kimoja. Mama Anjela anangoja Deo aende kazini ndipo anyanyuke. Jumapili Deo anashinda nyumbani, na yeye anashinda kitandani na kiu yake. Wamempeleka zahanati, mkojo unamchoma. Wakamwambia anywe maji mengi. Akawaitikia ndiyo, ndiyo. Hanywi.

Anjela akasema, baba, mwache Deo aje, siku mbili anamaliza. Nikakataa. Mkwe hawezi kupima mahali atakapokaa mama mkwe wake. Akanijibu, "Hiyo mila umeikumbuka leo, baba, na mama tayari yuko kwake?" Nikakata simu.

Nilikuwa mnyapara wa miwa miaka kumi na tisa. Watu sitini, makabila yote, na majina yao niliyaandika kwa mkono huu, mimi niliyejifunza kuandika ukubwani, darasa la ngumbaru. Sifundishwi kazi na kijana niliyempa binti.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimepata sinki. La mtumba, limetoka nyumba ya wageni wanayoibomoa. Rangi ya waridi. Kifuniko cha tangi kimemeguka pembe, haidhuru, hakikaliwi.

Tailizi nimechukua masalio dukani, aina tatu. Muuzaji alikuwa anacheka. "Mzee, hizi za bafuni, hizi za jikoni, hizi nne nyeusi zilibaki kwenye kaburi. Choo chako kimekamilika, mtu hana haja ya kutoka." Nikamwambia funga mzigo.

Jumapili, 10 Agosti
Anjela tena. Deo anasema sinki nilielekeze ubavuni, kwenye ule upana wa futi tano, lisitazame mlango. Sikuuliza kwa nini. Mtu akikaa atazame mlango, ajue nani anakuja. Hivyo ndivyo mtu mzima anavyokaa.

Mama Anjela hakuja kwenye simu. Amelala, wakasema. Saa nne asubuhi.

Jumanne, 12 Agosti
Sinki limekaa. Nimelielekeza mlangoni.

Nilipima kama wanavyopima mafundi wa zamani, kwa mwili. Nikakaa mwenyewe, nikavuta mlango, ukafunga. Kati ya magoti yangu na mlango ikabaki shubiri na zaidi. Nikanyanyuka, nikakaa tena. Vizuri. Nikamwaga zege, nikasukumia bomba, nikaziba.

Miaka yangu sabini na mbili. Waje waone.

Alhamisi, 14 Agosti
Saruji inakauka. Sina kazi. Nimekaa tu.

Jumamosi, 16 Agosti
Tailizi zimekwisha. Zile za kaburi nimeziweka nyuma ya mlango, hazionekani.

Jirani Hamisi alikuja kuchungulia. Tulikata miwa pamoja, basi anajiona ana ruhusa. Akainama, akafumba jicho moja, akasema, "Mnyapara, pima maji yako ilikunywa nini leo?" Nikamwambia mwenye choo cha makuti asikague cha tailizi. Akacheka mpaka barabarani. Mstari mmoja umepinda, kweli. Kidogo.

Nimemwaga ndoo nzima. Maji yamekwenda bila kuuliza. Nimempigia Anjela, mlete mama yako.

Jumatatu, 18 Agosti
Wamekuja mchana. Deo amewaleta na gari ya kukodi, akasimama nje kwenye ua. Akatoa shikamoo kutoka pale pale. Nikaitika. Akageuza gari akaondoka.

Mama Anjela amekonda. Shingo imekuwa ya mtu mwingine. Ameugusa ukuta wa choo, akasema rangi nzuri. Nilifurahi, sifichi.

Kisha akaingia. Anjela akamsaidia kukaa. Nikasikia mlango unavutwa, ukagonga, ukarudi. Ukavutwa tena. Anjela akasema, mama, sogea nyuma. Mama Anjela akasema, nyuma kuna tangi.

Mlango haukufunga. Mguu. Ule mguu haukunjiki, umetoka mpaka sebuleni. Mimi nilikuwa kwenye kiti. Niliuona unyayo wa mke wangu kwenye kizingiti, umevaa soksi. Anjela akatoa khanga yake akaishika kama pazia, akitazama juu.

Nilitoka nje.

Alipomaliza alinipita na magongo yake. Akasema maneno mawili tu. "Umejipimia mwenyewe."

Jumanne, 19 Agosti
Siku mbaya kuliko ya jaruba.

Jumuiya walikuja kumpokea. Watu kumi na nne sebuleni, macho yote yanatazama mlango wa choo kile, maana ndicho kipya. Rozari, nyimbo tatu, kisha maneno ya katekista, na katekista hana haraka. Mama Anjela alikaa na tabasamu. Chai hakugusa. Nilijua kwa nini. Mimi na Anjela peke yetu tulijua. Mama mmoja akauliza, "Mama Anjela, hunywi, sukari imekuzidi?" Akasema ndiyo, nimekatazwa.

Ameongopa mbele ya rozari kwa sababu yangu.

Walipoondoka akamwambia Anjela wafungashe. Nikamwambia hapa ni kwako. Akasema, "Baba Anjela, kule namkwepa mtu mmoja, na akienda kazini napumzika. Hapa nitakwepa kijiji. Kule mlango unafungwa."

Nikawatolea begi. Mimi.

Jumatano, 20 Agosti
Wamepanda gari ya Mlimba asubuhi, inapita Mbingu. Niliwabebea begi.

Niliporudi nilikaa kwenye lile sinki, nikaunyoosha mguu wa kulia, nikaukataza kukunjika. Ukatoka nje ya mlango. Nilipotaka kunyanyuka nilishindwa. Nilishika ukuta, nikateleza, nikakaa tena kwa kishindo. Hakuna aliyeniona. Hata hivyo niliona haya.

Yeye hunyanyuka hivyo kila siku.

Alhamisi, 21 Agosti
Nilitaka kuligeuza sinki mwenyewe. Nyundo ya tatu nimepasua bomba. Harufu imejaa nyumba nzima. Nimeliziba kwa matambara na mfuko wa nailoni.

Hamisi alipita dirishani. Alifunika pua akaenda. Afadhali angesema.

Ijumaa, 22 Agosti
Nimempigia Deo. Sikumwomba. Nilisema, pita siku moja uone hizi tailizi. Akasema, "Nakuja kesho, baba."

Hakuuliza hata moja. Angeuliza, ningekata.

Jumamosi, 23 Agosti
Amekuja na pikipiki, mashine ya kukatia imefungwa nyuma. Shikamoo, marahaba. Ameingia, ametazama, hakucheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, nilikuwa na jibu.

Akauliza akitazama chini, "Samahani, baba. Mguu wa mama, kutoka nyonga mpaka kisigino, ni kiasi gani?" Sikujua. Miaka arobaini na nne ya ndoa. Deo naye hajui, na hapaswi kujua. Basi akatoa mfukoni kamba. Anjela ndiye aliyempima mama yake, akafunga fundo. Deo aliishika ile kamba kwa ncha za vidole, kama kitu cha kanisani. Akanipa mimi mwisho wenye fundo. Akasema shika, uelekeze ukuta ule, baba. Nikashika.

Ameligeuza ubavuni. Fundo likaishia kabla ya ukuta, na nafasi ya ngumi imebaki.

Kisha akavunja tailizi zangu. Nilikaa uani nikisikiliza. Kila moja niliijua kwa mlio wake. Nilimchukia vizuri kabisa.

Jumatatu, 25 Agosti
Amemaliza. Siku mbili na nusu. Bomba jipya, vyuma vya kushikia pande mbili, komeo chini anapofikia mtu aliyekaa. Mistari imenyooka. Kuna ukuta mmoja ameuacha, ule wangu uliopinda. Nikamuuliza kwa nini. Akasema huo uko imara, baba, hauna sababu ya kuvunjwa. Sijui kama ni kweli au ni adabu.

Nilipika ugali na perege. Ugali ulikuwa na mabuja ya unga mkavu. Amekula wote.

Jumamosi, 30 Agosti
Mama Anjela amerudi. Anjela amemleta. Deo alibaki Mbingu makusudi, asije akasimama karibu na mlango ule.

Aliingia peke yake. Mlango ukafunga. Nikasikia komeo. Nikatoka nikaenda kufagia ua, ingawa ulikuwa umefagiwa.

Jioni akauliza nani kageuza. Nikasema Deo. Ningeweza kusema mimi na Deo, maana kamba niliishika. Nikasema Deo. Akaitikia tu, akaendelea kuchambua mchele.

Deo sikumwambia ahsante. Jumatatu ile alipowasha pikipiki nilimwambia aangalie mashimo njiani. Ahsante nimeiandika hapa. Anayesoma hapa ni mimi.