Divai Ambayo Hukuwahi Kuionja

Mzee Barasa,

Umenidanganya miaka sita, kisha ukafa kabla sijakushika. Nakuandikia nikiwa jikoni kwa balozi, hapa Riyadh, na mpaka sasa mdomo wangu haujafunga.

Uliniambia unaenda Jeddah siku tatu tu kumsalimia dada yako. Siku ya pili nikapigiwa simu: umeanguka dukani, mtaa wa Ghulail, ukichagua mchele. Moyo. Nilidhani ni mzaha wako mwingine. Nilikata simu, Mungu anisamehe, nikaendelea kumenya vitunguu mpaka balozi, bosi mwenyewe, akaja kusimama mlangoni, mikono nyuma, kama mtu aliyevunja sahani.

Alinituma Jeddah nisaidiane na dada yako, Nafula, kwenye makaratasi ya kukurudisha Bungoma. Tulikaa nje ya jumba anakofanya kazi kule Al-Hamra tukisubiri dereva. Ili kumfariji nikaanza kukusifu. Nikamwambia Riyadh nzima, kwa mabalozi wote wanaoruhusiwa pombe, hakuna aliyeijua divai nyekundu ya Uhispania kama wewe, na kwamba wageni wa balozi walikuwa wakiuliza kwanza kama wewe ndiye uliyepika. Nafula akaacha kulia. Akanikazia macho.

"Divai? Barasa? Huyo hajawahi kuonja pombe hata tone. Baba yetu alikufa juu ya chang'aa, na Barasa akaapa mbele ya jeneza."

Wewe? Wewe uliyesema divai ile nzito haitaki samaki, kwamba ukiichanganya naye mdomo unabaki na ladha ya chuma? Wewe uliyenifokea kwa kutia pilipili kwenye mbavu, eti zikikutana na divai koo linawaka moto? Bega la kondoo, uyoga wa kukaanga, maharagwe mazito yenye nyama ya moshi, jibini ngumu iliyokaa sana: yote ulinifundisha kana kwamba ulizaliwa kwenye shamba la zabibu!

Nikiwa ndani ya ndege kurudi Riyadh ndipo nilipoelewa, nikashtuka upya. Kila chupa ilipofunguliwa ulinipa funda moja na kipande cha nyama, ukasimama mbele yangu ukauliza, "Inasemaje?" Mimi nilidhani ni mtihani. Kumbe uliuliza kwa sababu hukujua. Halafu vyombo vikirudi ulivikagua kimoja kimoja: nani kabakisha nyama, glasi gani imerudi nusu. Jina lako lote ulilijenga kwa ulimi wangu na mabaki ya wageni, mjanja wewe.

Nilikasirika, mzee, sikufichi. Na niliogopa, maana bosi alikuwa ameshaniambia wazi: Alhamisi kuna wageni wanane. Nikiiweza karamu hiyo peke yangu, jiko ni langu. Nikishindwa, ataleta mpishi mwingine nami ikama yangu, kibali cha kuishi huku, halas, imekwisha, nirudi Kenya. Nilikuwa nimepanga kupika kama wewe. Sasa nikajiuliza, kama wewe yupi?

Alhamisi nilionja bila kuulizwa na mtu. Chupa ile ilikuwa kali kuliko zote, inakausha ulimi. Nikaona nyama isiyo na mafuta haitaiweza. Nikamtuma dereva alete naimi, kondoo wa huku mwenye mafuta mengi, nikamwoka polepole tangu adhuhuri kwa vitunguu saumu, na mdalasini wako nikauacha kabatini. Ndiyo, niliuacha. Mdalasini ulikuwa unaipigia divai kelele, ila sikuthubutu kukuambia.

Sahani zilirudi nyeupe. Glasi pia. Bosi akaja akanishika bega, akasema, "Kama Barasa mwenyewe." Nikajibu, "Asante, bosi," nikageukia sinki nikalia kwa sauti.

Jiko nimepewa. Siri yako sijaitoa wala sitaitoa. Humu utabaki kuwa bingwa wa divai mpaka nyumba hii ihamwe.

Nikipata likizo nitakuja Bungoma. Nilikuwa nimekusudia kununua chupa ya Uhispania nikumwagie kaburini kwa heshima. Fikiria! Nusura nikuvunjie kiapo ukiwa umelala, huna hata mkono wa kunizuia. Basi lala salama, mzee wangu. Nitakuja na chai ya maziwa. Hiyo angalau nilikuona kwa macho yangu ukiimeza.

Kyalo