Mtani Wangu Kanichelewesha Kiapo

Nyahanga, Kahama

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua umeshaitika marahaba kwa sauti, hapo ukumbini peke yako, maana hujawahi kuiacha salamu ipite hata ikiwa kwenye karatasi. Goti lako linaendeleaje? Na kikohozi cha baba mdogo kimepungua, au anakificha ili asipelekwe hospitali? Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillah. Moyo ndio uko huko Handeni, na nikiuita hauji.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu nashindwa. Nikianza kueleza unaniuliza nimekula nini, tunaishia kuzungumza habari za mvua. Hili nataka ulisome taratibu: sitaweza kuja kumchukua mwanangu Salha mwisho wa mwaka kama nilivyomwahidi. Jina langu halimo katika awamu hii ya watakaoapishwa uwakili.

Usishtuke, sijafeli. Najua majirani wanauliza kulikoni, binti kasoma sheria miaka yote hiyo na bado si wakili. Waambie digrii peke yake haitoshi. Baada yake nilikwenda shule ya sheria kwa vitendo, ule mwaka niliokonda ukaniambia nimekuwa mti wa kuanikia nguo. Somo moja nikalirudia, nikapita. Baada ya hapo mtu anampelekea Jaji Mkuu maombi, anaambatanisha vyeti vyake na maneno ya watu wanaoheshimika wanaoshuhudia kwamba ana tabia njema, anaitwa kwenye usaili, ndipo anaapa. Kabla ya kiapo siruhusiwi kusimama mbele ya hakimu kumsemea mtu, hata kama kesi naijua yote. Mjomba naye alilijua lori kuliko wenye leseni, na ni wewe uliyempelekea chakula mahabusu.

Basi mimi nimekwama kwenye tabia njema. Cheka kwanza, halafu nikusimulie.

Bosi wangu, Mama Kulwa, ambaye ni wakili hapa Kahama, alinishuhudia bila maneno mengi. Wa pili alikuwa awe wakili mmoja mzee wa Shinyanga mjini, mtu makini asiyecheka ovyo. Ananifahamu kwa kazi tu, kwa kuwa ndiye aliye upande wa pili katika kesi yetu ya Bugarama, ya ndugu wawili wanaogombea duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu. Akasema hawezi kutia sahihi juu ya tabia asiyoijua, atampigia kwanza mwenyekiti wa mtaa ninaoishi. Nilifurahi, maana huku sina mtu wa karibu kama mwenyekiti wetu, Mzee Mabula.

Tena ni mtani wangu. Siku niliyokwenda kujitambulisha, aliposikia Mzigua alininyang'anya ndoo yangu mpya akasema ni mali yake, kwa kuwa Wazigua wote ni wapagazi wake waliotoroka na mizigo. Nikamjibu kwamba Msukuma akiunguliwa nyumba anaokoa ng'ombe kwanza, mke baadaye. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo kila asubuhi nikipita kwake kwenda kazini, salamu yake ya “mwangaluka” haiji bila tusi. Mama, hujui raha ya kutukanwa na mtu anayekupenda, ukiwa katika mji ambao wengine wote wanakuita “samahani dada”. Matusi yake yalikuwa yakinitosha mpaka jioni.

Sasa wakili akapiga simu. Mzee Mabula alikuwa mnadani katikati ya kelele za ng'ombe na madalali, hakusikia nani anapiga, alisikia tu anaulizwa habari zangu mimi Mwantumu. Akadhani ni mwenzangu wa ofisini anataka kuchekeshwa. Akamwambia huyo Mzigua ni mwizi wa kuku, kwao walimfukuza kwa uchawi, na wao Nyahanga wamempokea kwa huruma tu. Unawajua watani, walio hodari hawacheki. Wakili alishukuru akakata simu.

Hakuniambia kitu. Nikiulizia karatasi yangu naambiwa wakili yuko safarini, na wiki zikapita hivyo. Mama Kulwa alipombana ndipo akasema, kwa upole kabisa, kwamba hawezi kumshuhudia mtu ambaye mwenyekiti wake mwenyewe anamkataa.

Nilipomweleza Mzee Mabula aliniomba nirudie. Kesho yake alivaa koti lake la kwendea misibani, tukapanda basi la Shinyanga. Wakili akamhoji kama shahidi kizimbani: mara ile ulisema mwizi, leo unasema mwema, ni siku gani ulisema kweli?

Mzee akavua kofia. “Mheshimiwa, mtu baki siwezi kumwita mwizi, atanishtaki. Huyu namwita hivyo kwa sababu ni wangu. Kama mdomo wangu umemfungia mlango, kosa hilo niandikie mimi.”

Wakili akavuta ile karatasi yangu. Akauliza kama kweli Wazigua na Wasukuma wana utani, akaambiwa ni tangu enzi za misafara, akatia sahihi. Lakini maombi ya awamu hii yalikuwa yameshafungwa. Nasubiri ijayo, na hakuna anayeniambia kwa hakika itakuwa lini.

Usiniambie nije tu nimchukue Salha. Naishi chumba kimoja, na kwa kuwa bado si wakili ndimi ninayetumwa kila upande, leo Bugarama, kesho Shinyanga, nyumbani narudi giza limeingia. Nimwache na nani? Nikishaapa Mama Kulwa atanipa meza yangu mwenyewe, nitulie mjini.

Na Mzee Mabula ameacha kunitania. Ananiamkia kwa adabu, macho chini, ananiuliza nimeamkaje. Juzi nimemwita mwizi wa ng'ombe makusudi, akatabasamu kidogo akaingia ndani. Nimekuwa mgeni upya, mama. Jumapili nzima nimelala nikiwawaza, nikitamani bada yako ya muhogo na kelele zako za kufukuza mbuzi kwenye unga, nikalia kama mtoto.

Nisalimie baba mdogo, mwambie dawa hainywewi kwa kutazamwa. Msalimie shangazi Mwanahawa na wifi yangu mama Bakari, na mjomba dereva, leseni anayo sasa?

Salha nimemweka mwisho. Wiki iliyopita nilipopiga yeye ndiye aliyepokea. Nikamwambia, mwanangu, hujambo? Nikamsikia akikimbia uani akiita, “Bibi, njoo, ni wakili.” Najua umemzoesha hivyo kwa kunionea fahari, na sikulaumu. Lakini wakili bado sijawa, mama. Mama yake nilishakuwa. Nakuomba umfundishe hilo kwanza.

Mwanao,
Mwantumu, mama yake Salha