Hewa Niliyoinasa kwa Kostiki ya Mama Salma

Jumapili, Kilwa Masoko. Joto la kunata, shati limegandana na mgongo, na nyumbani kwangu hakuna anayenisemesha.

Basi niungame hapa.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Mke wangu, Mama Salma, na wenzake sita wanapika sabuni kwa mafuta ya nazi na kostiki, ile kemikali kali inayoyageuza mafuta kuwa sabuni. Mwezi uliopita nilisoma kwenye intaneti kwamba huko Ulaya wapo wataalamu wanaoondoa hewa ya ukaa angani kwa kemikali, na mojawapo ni kostiki hiyohiyo. Ikiachwa wazi huinasa hewa ile, ikageuka kitu kama magadi.

Kichwa kikavimba.

Nikafungua kopo la kostiki la kikundi, nikaliweka juu ya kabati wiki mbili nzima, kila siku nalipima kwenye mizani ya jirani muuza dagaa. Uzito ukapanda! Nilitembea kama mtu aliyeiokoa dunia. Kusema kweli, sehemu kubwa ya uzito ule ilikuwa unyevu wa pwani. Hilo sikumwambia mtu.

Jana wakapika kwa kostiki hiyo, nguvu zimekwisha. Sabuni ikagoma kuganda, ikabaki uji. Nayo ilikuwa oda ya shule moja ya bweni huko Njinjo, oda yao kubwa ya kwanza tangu sabuni za Dar zijae madukani.

Leo nikaitwa mbele ya kikundi. Bi Somoe, mkubwa wao, aliipokea shikamoo yangu shingo upande.

“Marahaba. Haya mwanangu, tuonyeshe hiyo hewa uliyoikamata.”

Nikachota kidogo katika kile kilichobaki koponi, nikakiweka kwenye kisosi, nikakikamulia ndimu. Povu likapanda, shwaa!

“Ndiyo hiyo!” nikapiga kelele.

Wakashangilia. Hata Mama Salma alitabasamu. Nikanogewa, nikaomba ndimu nyingine, nikalimaliza kopo zima.

Povu lilipotulia, Mama Salma akauliza taratibu, “Sasa imekwenda wapi?”

Nikatazama juu. Wote wakatazama juu.

“Imerudi hewani.”

Bi Somoe alicheka mpaka akakaa chini. Mama Salma hakucheka.

Kesho naenda Lindi kutafuta kostiki mpya, kisha Njinjo kuwaomba watuvumilie wiki moja. Nimeagizwa niombe radhi kwa maneno machache, na neno “hewa” lisiwemo.